Ngamia wa Mwaka Jana

Vitabuni kinaitwa kishikwambi, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, ndiye ninayewalazimisha wanafunzi kuliandika jina hilo. Nyumbani kwangu hakuna aliyelitumia. Mama alikiita "kile kioo," na siku nilizokuwa na hasira nacho mimi nilikiita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Nilikinunua kwa kuchoka kubeba vitabu chini ya jua la Garissa. Nilijiona nimekaa barazani, miguu juu ya stuli, nasoma hadithi kwa kugusa tu kwa kidole, chai ya tangawizi ubavuni.

Chai niliipata. Hadithi sikuisoma. Kila nikikiwasha, kilitaka kitu: mara neno la siri, mara kisasishwe, mara nikubali masharti marefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Nikikubali, kinakula bando lote kwa mambo yake mwenyewe, halafu kinaniuliza kwa adabu kama nimeridhika. Mchana kikipata joto, kiliandika kwamba lazima kipoe kwanza, kikazima. Darasa zima la watoto wetu huvumilia joto hilohilo chini ya mabati, wala halimwandikii mtu. Nikawa nakilaza juu ya mtungi wa maji uliofunikwa gunia bichi, kama ninayemuuguza mgonjwa wa homa.

Kisha mgongo wake ukaanza kutuna. Nilikipeleka sokoni kwa fundi wa simu, kijana wa kwetu, Msomali mwenye v inayotoka f, aliyependa kunijaribia Kiswahili chake kwa kuwa anajua kazi yangu. Alikigeuza, akakibonyeza, akacheka.

"Mwalimu, batri imefimba," akasema. "Hii joto ya hapa haitaki fitu laini."

"Sasa tufanye nini?"

"Mimi nabadilisha. Lakini wallahi, itafimba tena."

Akaibadilisha. Alikuwa mtu mkweli, na sikumpenda siku ile. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kukitafutia mtu wa kukichukua. Nisingekiweka hata mwezi mmoja zaidi, kama mama hangekuja.

Mama aliletwa kutoka Eldas na kidonda cha mguu. Ana sukari, wakasema hospitalini, na mguu wake lazima uangaliwe kila wiki, kwa hivyo asirudi nyikani. Alikuja na nguo za siku chache. Kwake Garissa haikuwa mahali pa kuishi, ilikuwa mahali pa kufungwa bendeji. Alikunywa maziwa ya ngamia ya sokoni, akayatema, akasema mwenye kuyauza ameukamua mto Tana. Kila asubuhi aliniuliza swali moja, kwa Kisomali chetu, ambacho hapa nakiandika kwa Kiswahili: "Hooyo, nitarudi lini kwa ngamia wangu?" Kwetu mama huitwa hooyo, naye humwita mwanawe vivyo hivyo, kama kwamba jina ni la wote wawili.

Ngamia walikuwa wake kweli. Baba alipokufa, jamaa walidhani angewagawa na kuhamia mjini kukaa kwa watoto. Hakuwagawa. Aliwalea na ndugu yangu mdogo, akawaongeza, na aliwajua kwa sura na kwa tabia: huyu mchoyo wa maziwa, yule mwoga wa fisi, yule mwenye sikio lililochanika aliyeanza kundi. Kilichomfanya avumilie sindano na bendeji na maziwa ya kubuni ni kwamba mguu ungepona, na angerudi kwao. Hakuwa na sababu nyingine. Alinipenda, najua, lakini hakukaa Garissa kwa ajili yangu.

Siku moja ndugu yangu, aliyebaki na kundi, alipanda kichuguu kilicho karibu na kisima, ambako mtandao hushika, akatuma picha za ngamia wakinywa maji. Kwenye simu yangu walionekana wadogo kama siafu. Nikazifungua kwenye kishikwambi, nikakiweka mapajani mwa mama.

Sijawahi kukisamehe kifaa chochote haraka namna ile. Mama alikisogeza karibu na macho. Kisha akagusa kwa kidole, picha ikakua, sura ya yule mwenye sikio lililochanika ikajaa kioo kizima. "Subhanallah," akasema, akirudisha kichwa nyuma, "amenisogelea!" Akaanza kumwita kwa ule mlio wa kuita ngamia majini, mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu utoto wangu, hadi mama wa nyumba ya jirani akachungulia ukutani kuona kuna nini. Mama akasema mashallah mara nyingi, akawatemea mate kidogo ili jicho baya lisiwapate. Mate yakatua kwenye kioo. Nikafuta na mtandio wangu.

Tangu siku hiyo nilikilinda kishikwambi kama yai. Picha zilikuja kila ndugu yangu alipofika kisimani. Mama alizitazama alasiri, baada ya sala, akiwa ameketi mkekani na mguu wake umenyooshwa. Nami nilipata tamaa ya kupiga picha. Nikawa nampiga yeye: akitazama ngamia, akigombana na bendeji, akicheka hadi mtandio ukamwanguka. Kuishi kwingi ni kuona mengi, alisema, na akanitaka nimwonyeshe jinsi alivyozeeka.

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa tena. Kwenye picha vichaka vilikuwa kijivu, kisha havikuwepo. Ngamia walikuja wamepungua nyama, kisha wakaja wamepungua wao wenyewe. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa sauti, kwa sababu kuhesabu ni kuita balaa, kwa hivyo hakuna aliyehesabu. Mama alitazama, akasema mashallah, akarudisha kioo. Mimi nilitazama, nikasema mashallah. Ndugu yangu naye hakuandika kitu chini ya picha. Siku hizi najiuliza adabu ile ilimlinda nani. Mwisho picha zikakoma, na simu yake ikawa haipatikani, na mama akaacha kuuliza atarudi lini. Alitazama zile za zamani mpaka akazichoka, akakiacha kioo rafuni. Mguu wake ulianza kutoa harufu.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja nikarudi kutoka shuleni nikakuta viatu vingi mlangoni. Nikadhani ni msiba. Ndani kulikuwa na kicheko. Wanawake wa bula yetu, yaani mtaa wetu, walikuwa wameketi sebuleni, sinia ya halwa katikati, birika la chai ya maziwa linazunguka. Mama alikuwa amevaa dirac yake nzuri, lile gauni jepesi la sherehe, amejifukiza udi, na mkoba wake wa safari ulikuwa umefungwa kando yake.

"Hooyo, njoo uone!" akaniita, macho yanang'aa. "Mvua imenyesha Eldas. Wamenona! Ndugu yako ameleta picha, na muziki ameweka."

Akanipa kioo. Muziki ulikuwa ukilia kweli, wa kinanda, wa arusi ya watu nisiowajua. Picha zilipita moja baada ya nyingine, polepole, zikisogea kama pazia kwenye upepo: ngamia wamejaa, nundu zimesimama, majani mabichi, maji yanameta. Yule mwenye sikio lililochanika alitutazama sote. Juu yake palikuwa na maandishi ambayo mama hakuweza kuyasoma. Yalisema kwamba hizi ni kumbukumbu za siku kama ya leo, mwaka jana.

Hakuna aliyezituma. Kile kifaa, ambacho hakikuweza kufungua ukurasa mmoja wa kitabu bila kuniomba ruhusa, kilikuwa kimeketi rafuni peke yake, kikachagua picha, kikaziwekea muziki, kikalia kumwita mama. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilitaka kukipiga chini pale pale mbele ya wageni. Badala yake nilikunywa chai. Mwanamke mmoja akanipa kipande cha halwa, nikakila nikimshukuru.

Walipoondoka, nikaketi karibu na mama.

"Hooyo, hizi picha ni za mwaka jana."

"Nani ameleta za mwaka jana?"

"Hakuna aliyeleta. Zimejitokeza zenyewe. Hiki kitu hukumbuka."

Akanitazama kama ninayemfanyia mzaha mbaya. "Kitu hakina roho, kinakumbukaje?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Mpigie ndugu yako."

Nilipiga na kupiga, mwisho akashika. Nyuma yake palikuwa na kelele za injini. Alikuwa Wajir mjini, alisema, anafanya kazi kwenye boza, lori la kubebea maji. Mama akaichukua simu, hakumsalimu.

"Wewe uko Wajir," akasema. "Ngamia wako na nani?"

Nikasikia injini ikizimwa, kisha nikamsikia ndugu yangu akilia, mwanamume mzima mwenye ndevu, akisema hooyo, hooyo, nisamehe. Mama akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akauliza jambo moja tu, kama yule mwenye sikio lililochanika alikufa amesimama au amelala. Ndugu yangu akasema alilala kwanza. Mama akasema afadhali, akanirudishia simu. Mkoba aliufungua mwenyewe, akazitoa nguo na kuzikunja upya.

Sikujua namna ya kumfariji. Nilikuwa nimejaa ghadhabu, na ghadhabu yangu yote ilikwenda kwa kile kioo, kwa kuwa nisingeweza kuipeleka kwa mawingu. Angekuwa amekwisha kuwaomboleza polepole, kwa njia yetu, bila mtu kusema. Sasa alikuwa amefurahi kwanza, mbele ya watu. Amewalisha halwa. Hilo ndilo lililomvunja. Kufa kwa ngamia alikuwa amekufahamu.

Baada ya siku hiyo alikula ili nisigombe tu. Alasiri moja aliniita mkekani, akaniambia nije na kioo. Nilifurahi kama mjinga. Nilidhani anataka kuwaona.

"Humu na mimi nimo?"

"Umo, hooyo. Umo sana."

"Nitoe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nitoe humu. Mimi nikienda, nimeenda. Sitaki siku moja umeshika chai yako, mimi nikutokee na kinanda. Wewe moyo wako si mgumu, hooyo. Nakujua."

Nilibishana naye. Nilimwambia picha ni haki ya watoto, ni haki yangu. Akasema picha ni zangu, lakini uso ni wake. Mzazi akiomba jambo kwa sauti ile, kwetu hakuna mahakama ya rufaa. Nikazifungua, nikazifuta moja moja, yeye ameketi ubavuni pangu anatazama. Akijiona anacheka, alitabasamu, kisha akaashiria kwa kidevu nifute. Kila mara kifaa kiliniuliza kama nina hakika. Kilikuwa hakijawahi kunijali kiasi hicho.

"Zimeenda?" akauliza.

"Zimeenda kwenye pipa. Hukaa humo kwanza, ndipo zipotee."

"Zitoe na pipani."

Nikazitoa. Kikaandika kwamba sasa nafasi ipo ya kutosha. Mama akanipapasa mgongo, akaomba maji ya kutawadha.

Mguu ulimuua kabla ya mvua. Walikuwa wamesema wataukata, yeye akasema ataingia kaburini na vyake vyote. Alifariki asubuhi, akazikwa baada ya adhuhuri, kama inavyopasa, na ndugu yangu alikuwa bado njiani kutoka Wajir, lori lake limeharibika kati ya vumbi na vumbi. Alifika watu wamekwisha kula na kuondoka. Aliketi juu ya mkeka wa mama bila kuvua viatu. Nilimpa maji, hakunywa.

"Abaayo, dada yangu," akaniambia, "sikumwona. Tangu alipopanda lori kuja huku sikumwona. Nionyeshe uso wake tu."

Nikamwambia sina.

"Utakosaje? Wewe ndiye mwenye kile kitu."

Nikamweleza alichotaka mama, na jinsi nilivyofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. Kisha akanyoosha mkono. Nikaenda rafuni, nikampa. Akapita kwenye picha zile kwa kidole chake chenye mafuta ya gari, ngamia, ngamia, ngamia, wale aliowapiga mwenyewe, mbele na nyuma, akisimama kila palipokuwa na kivuli cha mtu. Nilimwambia tena kwamba hayumo. Aliendelea kutafuta hadi chaji ikaisha.