Niliiachia Pawasaplai Iamie Mpunga wa Mama Mkwe

Kosa ni langu peke yangu, wala msimtafute mchawi. Jina nalificha kwa sababu Ifakara ni ndogo, ingawa najua watu wa Lumemo wakisoma mistari miwili tu watanijua, na wataanza kucheka upya.

Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda Kibaoni. Mwaka jana ofisi moja ilitupa kompyuta zake za mezani, nikazibeba zote. Zilikuwa zimekufa kila kitu isipokuwa pawasaplai, yale maboksi ya chuma yanayoipa kompyuta umeme. Nikabaki nazo kumi na moja, nzima kabisa!

Hapo ndipo ujuaji uliponianza. Pawasaplai ukiunganisha waya wake wa kijani na mweusi, inawaka yenyewe bila kompyuta, inakutolea umeme kama wa betri ya gari. Nikamfungia kinyozi jirani taa. Nikawasha redio ya gari kibandani. Moja ikawa inachaji simu za mtaa mzima. Nikawa sioni kitu bila kujiuliza kama nacho hakihitaji pawasaplai! Mchumba wangu, nitamwita Rozina, akaniambia, "Wewe siku moja utaniunganisha na mimi." Nilicheka. Laiti ningejua!

Mama yake Rozina ni mjane. Chakula chake cha mwaka mzima ni jaruba la mpunga lililo nyuma ya nyumba yake, Lumemo. Mwaka huu mpunga ulipoanza kutia maziwa, wakati ndege wanapoupenda kuliko kitu chochote, dada yake aliyeko Malinyi akaugua, ikabidi aende. Rozina naye anafundisha watoto wa chekechea, mchana hayupo.

Mama akataka kutafuta mtu wa kuamia mpunga, ashinde shambani akifukuza ndege. Mimi nikadakia: "Mama, utafuteje mtu na mkwe nipo?" Posa nilikuwa nimeshapeleka, jibu lilikuwa bado. Nilitaka sifa, jamani!

Akaniangalia sana. "Baba, ndege hawa hawapumziki. Ukisinzia kidogo tu, tumekwisha."

"Nenda kwa amani, mama. Watanikuta dunguni kabla hawajaamka."

Siku ya kwanza nilikaa dunguni kweli, kile kichanja cha miti katikati ya shamba. Nikapiga madebe, nikapiga makelele, nikarusha kombeo hadi bega likafa ganzi. Saa sita mchana sauti ilishakwisha. Jua kali, mbu nao hawajui mchana. Kwelea kwelea wanakuja kundi zima, ukiwafukuza huku wanatua kule. Na wateja hawaachi kupiga simu: "Fundi, uko wapi? Mbona umefunga?"

Jioni ile shetani akanikumbusha pawasaplai.

Nikavuta waya kutoka nyumbani kwa mama mpaka dunguni. Nikafunga pawasaplai, redio ya gari na spika mbili za honi, nikavifunika vyote kwa gunia. Nikajirekodi kwenye flashi nikiwatukana ndege kwa moyo wangu wote: "Swaa! Tokeni! Walafi wakubwa nyie! Hamna kwenu? Mnangoja mpikiwe na mboga?" Ikawa inajirudia bila kuchoka. Nikatundika shati langu na kofia pale juu, asubuhi nikaenda zangu Kibaoni.

Ndege walikimbia, nisiseme uongo! Siku mbili hakutua hata mmoja. Jioni nawahi kurudi, nazima, Rozina akifika ananikuta nimejilaza dunguni eti nimechoka. Ananiletea maji ya kunywa, napokea!

Jirani yao, Mama Koleta, akampigia mama simu kule Malinyi: "Dada, umepata mkwe! Tangu alfajiri hajanyamaza, hata kula hali!" Rozina akanisimulia kuwa mama yake alitoa machozi, akasema akirudi atanijibu posa yangu. Na mimi badala ya kuona aibu, nikaenda kwa fundi cherehani kupima suti.

Siku ya nne, kama saa tatu asubuhi, umeme ukakatika. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia. Nilikuwa kibandani. Nikasema, "Aah, leo hakuna kazi," nikatoka nje kucheza drafti na kinyozi! Tena nikawa naulalamikia umeme kwa sauti. Mimi, fundi mzima! Haikunijia kabisa kwamba umeme ukikatika Kibaoni, na Lumemo umekatika.

Nilimfunga kinyozi mara tatu. Mchezo wa nne, nina kingi wawili, kundi la ndege likapita juu yetu. Mpunga wa mama! Nikaacha kete palepale.

"Unakimbia nini na wewe ndiye unashinda?" kinyozi akaniuliza. Nilishapanda bodaboda.

Nilipofika nilikuta umati. Watu wamejaa jarubani, wanapekua mpunga kwa fimbo, wanaita jina langu. Rozina, aliyeitwa kutoka shuleni, yuko chini anagaragara: "Nyoka kamuuma! Kafia humo!" Kumbe sauti ilipokatika ghafla ndege walishuka wakala, na Mama Koleta alipoona hakuna anayewafukuza, aliamini nimeanguka. Akapiga yowe. Walipopanda dunguni wakakuta shati na kofia, mwenyewe sipo, wakajua nimetambaa kwenda kufia mpungani.

Na mama mwenyewe alikuwepo! Alikuwa amepanda basi la alfajiri aje kunipokea zamu nipumzike, ana mfuko wa samaki wakavu, perege, wa kunishukuru. Akafika akakuta msiba wangu.

Nikashuka kwenye bodaboda. Rozina akainuka, akanikumbatia. Nikaanza kutunga uongo, eti nilikimbizwa hospitali na homa. Umeme ukarudi.

"Swaa! Tokeni! Walafi wakubwa nyie! Hamna kwenu?"

Watu wote wakageukia dungu. Halafu wakanigeukia mimi, mdomo nimeufunga. "Mnangoja mpikiwe na mboga?" spika zikawauliza. Mzee mmoja wa jumuiya aliyekuja na rozari tayari kwa kuniombea marehemu, akaifutika mfukoni taratibu. Rozina akaniachia.

Nilitamani huyo nyoka awepo kweli!

Mama hakupiga kelele. Aliweka mfuko chini, akaingia jarubani, akashika suke moja, akaliminya. Tupu. Akashika jingine. Tupu. Yale yaliyoachwa na ndege, watu walikuwa wameyakanyaga wakinitafuta mimi. Nikamfuata nyuma nikimpa pole, naye akasema bila kugeuka, "Ungeniambia tu umechoka, baba, ningerudi."

Hiyo ndiyo iliyoniua. Maana angerudi kweli.

Jibu la posa halijatoka mpaka leo. Suti imebaki kwa fundi cherehani, naona aibu kuifuata. Rozina ananisemesha, ila akipiga simu anauliza kwanza, "Ni wewe au ni flashi?" Hata watu wazima ninaowaamkia shikamoo njiani wananiitikia, "Swaa!"

Juma lililopita mama akaniita nikale. Msimu huu mji mzima unanukia mchele mpya, kila nyumba ni wali. Nikanawa mikono nina matumaini tele. Akaleta ugali wa unga wa dukani, mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kununua chakula cha nyumbani kwake. Akanichagulia kipande kikubwa cha samaki, akakisogeza upande wangu.

"Karibu, baba. Wali wameshakula wenzako."

Mafundi wenzangu, na nyie wote mnaojifanya mnajua, nawaonya kama ndugu! Ukisema "nitalinda mimi," kalinde wewe, kwa koo lako mwenyewe. Ukichoka, sema umechoka, hakuna atakayekucheka. Usifanye niliyofanya mimi, utakuja kula ugali wa mama mkwe wakati wa mavuno ya mpunga, naye anakuhimiza uongeze, na nawaapia, haushuki!