Piano Iliyopandishwa kwa Harusi ya Wangui

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ya baridi pale kanisani kwetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Harusi ya dada yangu Wangui ilikuwa kesho kutwa, na watu walikuwa wakicheka hadi kushika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Wangui alikuwa anaolewa na Wekesa, polisi kijana wa kutoka Bungoma aliyehamishiwa kwetu. Baba alikuwa amekubali, lakini shingo upande. Wenzake Wekesa walileta tarumbeta mbili zipigwe pamoja na piano ya kanisa bibi harusi akiingia. Walipojaribu, lo! Piano ilikuwa imekaa miaka bila kuguswa na fundi, sauti yake imeshuka. Tarumbeta ziko juu, yenyewe iko chini. Ungedhani ni ng'ombe wanaogombania majani ya nepia.

Baba akasimama. "Mmeona? Ati hata vyombo vimekataa hii ndoa!"

Wengine walicheka. Wangui alitoka nje akifuta macho.

Siku hizo nilikuwa nikijifunza kurekebisha piano kwa Mwalimu Gathoni, mama mzee aliyepiga piano hapo kanisani tangu kabla sijazaliwa. Vidole vyake vilikuwa vimekazwa na ugonjwa wa viungo, hawezi tena kuzungusha ufunguo wa kukazia nyuzi. Lakini masikio yake, usiseme! Basi mikono ikawa yangu, masikio yakawa yetu wawili.

Asubuhi iliyofuata alikuja na kile chuma chake chenye miguu miwili, mfano wa uma wa mezani. Unakigonga gotini, unasimamisha mpini wake juu ya mbao ya piano, nacho kinaimba noti moja tu, isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Unakaza uzi wa noti hiyo mpaka sauti mbili ziwe moja. Zikikaribiana bila kukutana utasikia sauti inayumba, wau, wau, wau. Ukizidi kukaribia inayumba polepole, halafu inatulia tuli. Ukishaipata hiyo, noti nyingine zote hupimwa kutoka kwayo.

Mimi nilikuwa bado nina maneno ya Baba kifuani. Nikaukaza uzi wa kwanza kwa mkupuo mmoja. Ta! Ukakatika, ukanichapa mkono.

Mwalimu hakugeuza hata kichwa. "Wewe, unarekebisha piano ama unapigana na baba yako?"

Nikauokota uzi uliokatika.

"Hii piano ni mzee kama mimi. Imezoea kukaa chini. Ipandishe yote kidogo, uiache ipumue, halafu urudi mwanzo. Na kila ukirudi, gonga chuma tena. Usiamini ile noti uliweka asubuhi. Hata hiyo itakuwa imeshuka."

"Na huu uzi umekatika, Mwalimu?"

"Hiyo noti iko na nyuzi tatu. Mbili zitaimba. Funga mdomo, fungua masikio."

Nikapandisha kidogo kidogo, maana papo kwa papo kamba hukata jiwe. Tukanywa chai huku piano ikipumua. Niliporudi nikagonga chuma, na kweli, ile noti niliyojivunia ilikuwa imeshuka. Nikacheka peke yangu, nikaanza upya. Jua likielekea kuzama, Wekesa akaja na mpiga tarumbeta mmoja. Yule akapiga noti, nami nikapiga ile ile. Hakuna kilichoyumba. Wekesa alivua kofia, akakaa kitini kusikiliza.

Siku ya harusi nilipiga mimi, piano na tarumbeta zikalia pamoja, na akina mama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Baba alikuwa amemshika Wangui mkono, uso ameukaza. Katikati ya kanisa nikaona bega lake moja linacheza, kisha la pili. Kufika mbele alikuwa amempita bibi harusi kwa kucheza, ikabidi Wangui amvute koti! Baada ya chakula nilimsikia akimwuliza Wekesa, "Kijana, hawa watu wako wa tarumbeta watarudi lini?"

Basi sikiza, mwanangu. Utaishi na watu wasioimba kama kwenu. Utakuwa na mzazi, au mume, au mke, au mtoto, ambaye kwa maoni yako amekaa chini mno. Usitake kumpandisha kwa siku moja, kwa maana kamba hukatikia pembamba. Mpandishe kidogo, umwache apumue, urudi kwake tena. Nawe uwe na jambo moja la kweli unalolirudia kila mara kujipima, kwa sababu mtu hushuka bila kujisikia. Hata mimi, na mvi zangu hizi, hushuka. Na kitu kikikatika mkononi mwako, usikae kulia tu. Tazama kwanza ni nyuzi ngapi zimebaki.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na subira isiyokauka. Akupe nyumba ambayo mpita njia atasimama kidogo asikilize kicheko chake, aende zake akiwa mwepesi. Ubarikiwe, mwanangu, na wanao wabarikiwe.