Mafuta ya Mawese kwenye Fimbo ya Biyari

Mume wangu alikuwa na fimbo ya biyari, ule mchezo wa kugonga mipira mezani, ambayo kwa miaka kumi na mmoja sikuruhusiwa kuigusa. Nilishika funguo za pikipiki yake, simu yake, hata barua zake za zamani ambazo hazikunihusu. Lakini fimbo, hapana. Nilipoolewa niliikuta tayari chumbani, imelazwa juu ya misumari miwili ukutani, na majirani, ambao hapa Bunia maneno hayawaishi, wakanisalimia kwa utani: “Weye ni bibi ya pili. Wa kwanza iko pale ku ukuta.” Nilicheka nao kwa adabu. Moyoni nilikasirika, maana mimi si mtu wa kushindana na mti.

Ilikuwa fimbo ya vipande viwili, kimoja kinene na kimoja chembamba, vinavyoungana kwa skrubu ya shaba. Ilimfikia kwa mkono wa mfanyabiashara aliyeivusha ziwani mpaka Mahagi-Port, wakati mume wangu alipokuwa ameacha kuchimba dhahabu Bambu na kuja mjini kutengeneza pikipiki za watu. Vumbi la Bambu alikuja nalo kifuani. Alikohoa tangu siku ya kwanza niliyomfahamu, nami nikamzoea hivyo, kama unavyozoea mlango unaolia.

Kila alipotoka kucheza, kabla hata ya kunawa, aliifungua fimbo yake, akaipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akakikamata kile kipande chembamba na kukisugua kwa kiganja, juu chini, mpaka mti upate joto. Kwenye ncha kulikuwa na kingozi kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Alikikwaruza kwa msasa ili kishike chaki. Kikiisha, alikata kingine, akakipaka gundi, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na ole wake mtu atakayekisogeza kabla ya kesho. Siku moja nilimwambia anipe kitambaa nimsaidie. Hakuniangalia hata.

“Acha tu, mama. Hii kazi iko na mukono yake.”

Maneno hayo yaliniuma, lakini nilinyamaza. Lililonifanya nisinyamaze ni siku alipoingia kwenye mtumba wangu, maana nauza nguo kuukuu sokoni, akakata mguu mmoja wa suruali nzuri ya jinzi ili afunikie fimbo yake. Nani atanunua suruali ya mguu mmoja? Nilimpigia kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Yeye alikaa akishona ule mguu kwa uzi wa kushonea viatu, akinipa pole kila nilipovuta pumzi.

Ugonjwa wenyewe ulikuja baadaye, mwanzoni mwa mvua. Kifua kilimbana akawa hawezi kufika bombani na kurudi. Tukampeleka hospitali ya Nyankunde, nami nikawa nakwenda na kurudi kwa sababu ya watoto na soko. Mara ya kwanza nilipomuaga, alinishika mkono. Nilidhani ataniambia habari za watoto.

“Ile fimbo,” akasema, “uichunge. Nikitoka huku, nitaenda kucheza.”

“Utaikuta sawa vile uliiacha.”

Niliahidi hivyo, na niliahidi kwa furaha, nitasema ukweli wangu. Daktari alikuwa ameniita pembeni na kunieleza mapafu yalivyo, kwa hiyo nilijua kwamba huyu mtu hatarudi kutengeneza pikipiki. Lakini yeye alikuwa amejiwekea kitu kimoja cha kuamkia: atasimama tena mbele ya ile meza na fimbo yake mkononi. Na safari hii kitu hicho alikuwa amenikabidhi mimi.

Nikaichunga. Kwetu, upande wa Butembo nilikozaliwa, kitu cha mti hakiachwi kikavu. Mama yangu akinunua kinu kipya, hakitwangiwi mpaka kishibe mafuta. Anakipaka mawese, anakianika, anakipaka tena, na mchi wake vilevile, na mwiko, na kigoda. Mti usiopakwa hupasuka, na nyumba yenye mwiko uliopasuka ni nyumba ya mwanamke mvivu. Sijawahi kusikia mtu akilibishia hilo. Basi kila Jumapili nikitoka kanisani nilivua nguo nzuri, nikapasha mawese kidogo, nikaipaka ile fimbo kutoka kitako hadi ncha, taratibu, nikiomba Mungu. Kisha niliiegemeza ukutani nje ili ipigwe na jua. Mvua ikija niliiingiza ndani na kuisimamisha karibu na jiko la makaa ikauke. Ilibadilika rangi, ikawa nyekundu inayong'aa. Niliona imenona, nikajisifu. Nikamwambia mume wangu kitandani kwake kwamba fimbo yake haijawahi kupata mtu kama mimi.

Alirudi nyumbani amekonda, shati linamcheza mabegani. Siku ya pili aliiomba. Nilimletea ndani ya mguu wake wa jinzi, nikakaa chini mbele yake kama mtoto anayesubiri kusifiwa. Aliichomoa. Alipitisha kiganja chake pale penye wembamba, kikakwama. Akaisogeza puani. Kisha akaniangalia kwa muda, akasema, “Umeichunga,” na kuirudisha. Nililala nikiwa na furaha. Ndiyo, nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Kesho yake mchana tulikwenda kwenye banda la biyari. Wanawake wenye heshima zao hawasimami pale, lakini hakuweza kutembea peke yake, kwa hiyo nilikwenda na chupa ya maji na koti lake, nikasimama mlangoni. Wenzake walimpokea kwa vigelegele vya wanaume, wakamwachia meza. Akaunga fimbo yake. Halafu akafanya jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona, maana nilikuwa sijawahi kumwona akicheza: aliilaza fimbo juu ya kitambaa cha kijani na kuiviringisha kwa vidole. Fimbo iliyonyooka huviringika kimya. Ile ilikwenda ikiruka, ncha ikiinuka na kushuka, tak, tak, tak, mpaka ukingoni.

Mmoja wao akaiokota, akainusa, akapasua kicheko. “Aa, kaka! Hii ni fimbo ao ni mwiko ya sombe?” Sombe ni kisamvu, na hapa hakipikwi bila mawese.

Wakacheka wote. Mimi nilielewa pale pale, bila kuelezwa. Mawese, jua, jiko, ukuta. Kila Jumapili, kwa maombi.

Mume wangu hakucheka. Alisubiri wamalize, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kushindana nao, kisha akasema, “Ni miye. Mwaka kumi na moja sikumuonyesha. Angejuaje?” Akainama apige. Fimbo haikuteleza kati ya vidole vyake. Ilishika, ikaachia ghafla, na mpira mweupe ukaenda pembeni bila kugusa kitu. Mpira aliokuwa anaulenga ulikuwa mdomoni mwa shimo, hata mimi ningeutia. Alipiga mara mbili zaidi, akaomba koti lake.

Njiani nilimwambia, “Baba, nimeua fimbo yako.” Alisimama, na kwa kuwa kila hatua kumi alikuwa anasimama, sikujua kama amesimama kwa ajili yangu au kwa ajili ya kifua. “Haijakufa,” akasema. “Utaenda kutafuta lotoko.”

Mimi, mwimbaji wa kwaya, nikaenda kununua lotoko, pombe kali ya kienyeji, mchana kweupe. Yule mama anayeipika alinitazama kwa huruma kubwa, akanifungia chupa katika gazeti ili nisione haya. Sikumweleza. Nilirudi nayo, mume wangu akakaa kwenye mkeka uani, mgongo ukutani, na tangu siku ile akaanza kunifundisha. Kitambaa kiwe na lotoko kidogo tu, kisidondoke. Pangusa, ngoja, pangusa tena. Mafuta yalitoka yakawa yanachafua kitambaa baada ya kitambaa, na mimi nina vitambaa, nauza mitumba. Kisha msasa laini kabisa, ule uliochakaa, kwa kufuata mti, si kwa kuukata. Kisha kitambaa kikavu. Kisha kiganja.

“Sugua mpaka usikie moto.”

“Nimesikia.”

“Bado. Ule ni moto ya mukono yako. Ngoja ya mti.”

Nilisugua mpaka nikauelewa ule wa mti, na ni kweli, ni joto jingine. Alinifundisha kuikata ngozi ya ncha, na kuifunga kwa ukanda wa mpira. Alinifundisha kwamba fimbo hailali ikiegemea, na haikai karibu na moto wala ukuta wenye unyevu. Hakuwa na pumzi ya kusema sentensi ndefu, kwa hiyo alinipa neno moja moja, na mara nyingine alionyesha tu kwa kidole. Katika ndoa yetu nzima hatukuwahi kukaa pamoja muda mrefu namna ile bila mmoja wetu kuwa na haraka. Nilimpenda zaidi katika wiki zile kuliko siku ya harusi, na uchungu ni kwamba nilikuwa nikijua sababu ya yeye kukaa nyumbani.

Mafuta yalitoka karibu yote. Kupinda hakukutoka. Aliigeuza geuza mbele ya jicho moja, akatafuta upande ambao ukiwa juu mpindo unatazama chini, akauwekea alama ya kalamu, na kusema ukiishika hivi utajua inakokupeleka. Alirudi bandani mara moja tu. Alipiga na ile alama juu, akatia mipira mitatu, na mimi mlangoni nikapiga kigelegele peke yangu. Baada ya hapo hakuweza tena kufika barabarani. Jioni nilikuwa namletea fimbo, naisugua karibu yake, naye anaweka mkono juu kuhakikisha joto.

Alikufa asubuhi, wakati nachemsha uji.

Kwa ukoo wake, siku ya kumaliza matanga vitu vya marehemu hutandazwa juu ya mkeka mbele ya wazee, na wanaume wa ukoo hugawana. Mjane hubakiwa na vyombo na godoro. Ndiyo desturi, na sikuolewa kwao nikiwa siijui. Usiku wa kuamkia siku ile nilifikiria kuificha fimbo kwa rafiki yangu. Lakini anayeficha kitu cha marehemu huitwa mwizi wa marehemu, na watoto wangu ni wa ukoo ule. Nikaiweka kwenye mkeka pamoja na vingine, ndani ya mguu wake wa jinzi, na mikono yangu ikakosa pa kwenda.

Walichukua pikipiki. Walichukua sanduku la vifaa, koti, viatu, redio. Mdogo wake, ambaye naye ni mchezaji, hakutazama kingine chochote. Aliingojea ile fimbo tangu asubuhi, na zamu yake ilipofika aliichomoa, akaiunga, akaomba watu wasogeze vikombe, akailaza mezani na kuiviringisha.

Tak, tak, tak.

Aliiviringisha tena. Akaitazama kwa jicho moja, akaguna, akaifungua vipande viwili. “Shemeki,” akaniambia, “hii imeshapinda. Haina kazi. Ubakie nayo, utawashia moto.”

Niliipokea kwa mikono miwili, na kilio ambacho tangu mazishi kilikuwa kimekataa kutoka kikatoka mbele yao wote. Mzee mmoja, akidhani nalilia pikipiki, akanisogelea, akaniomba nivumilie, kwamba pikipiki inabaki ndani ya ukoo na hakuna atakayeiuza.