Mguu Alionyimwa Wifi Yangu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alivuka kutoka Pemba mara tu aliposikia nimebadilishwa goti. Alikuja na chupa ya mafuta ya karafuu na mikono yenye sifa: kwao, mwanamke akijifungua, yeye ndiye huitwa kumkanda kwa maji ya moto.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Mabawa, alinipikia, akanifulia, akaniwekea mto chini ya goti kila nilipolala. Nami kila mara niliutoa, nikimweleza kwamba goti jipya likizoea mto litapona limepinda, na kulinyoosha baadaye ni kazi.

"Haya, lala kama ubao," akasema, akicheka.

Asubuhi moja niliamka shavu la mguu limevimba kuliko jana, lina moto, na hata shuka ikiligusa linauma. Wifi alilitazama mara moja tu, akaenda kubandika maji.

"Damu imevilia hiyo. Nyoosha mguu, wifi, nikukande."

"Huu usiukande."

"Weye! Kisiwa kizima nimekanda wazazi, nishindwe na goti la chuma?"

Nilimshika mkono, nikamkalisha kitandani. Nikamweleza taratibu nilivyoelezwa mimi kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani: baada ya upasuaji kama huu damu inaweza kuganda ndani ya mshipa, ikawa donge. Donge hilo lina dawa yake. Lakini ukilikanda laweza kung'oka, likasafiri hadi mapafuni, na mtu akafa papo hapo. Kwa hiyo mguu ukivimba namna hii haukandwi, wala hausubiriwi upungue. Unapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Aliinuka. Akaenda kuzima jiko, akarudi keshavaa baibui.

"Bajaji iko mlangoni. Bado umelala tu?"

Kipimo kilionyesha donge kweli. Daktari aliniandikia dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda, kisha akauliza, kama wanavyouliza huku kwetu, ni nani aliyeukanda mguu.

"Hakuna," wifi akawahi. "Nilitaka, akaninyima. Ana kiburi huyu tangu tumuoe."

"Kiburi hicho kimemsaidia, mama," daktari akasema.

Wifi akaanza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Akageukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi mgonjwa ndiye niliyembembeleza, mpaka zamu yetu kwenye foleni ya dawa ikafika.