Transfoma ilipolipuka Kariakoo: kitu alichofanya mwanafunzi wangu aliyekimbia vita, na darasa zima halikukiona

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaosoma kimya kimya huku bosi anapita.

Mimi humu ni msomaji tu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu nina shukrani kifuani na sijui nizipeleke wapi. Nasimulia kilivyotokea, siongezi wala sipunguzi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika ni watoto.

Ni mwalimu wa kike, nafundisha Uraia kwenye sekondari moja maeneo ya Kariakoo.

Wanaoijua Kariakoo wanajua kufundisha pale ni shughuli. Wewe unaeleza mihimili ya dola, nje kuna spika inatangaza mashuka ya bei ya kutupa, na anayetangaza ana sauti nzuri kuliko yako.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, huwa nawaachia Form Three wajadili current affairs. Mtu anakuja na habari ya dunia, tunaichambua. Wanakipenda sana kipindi hicho.

Ila kuna kitu kilikuwa kinanikera. Watoto walikuwa wanajadili vita kama mpira. Huyu ana ndege, yule ana drone, nani atamfunga nani. Na mtangazaji wao mkuu alikuwa Baraka, kijana mcheshi ambaye baba yake ana duka la viatu mtaa wa pili kutoka shuleni.

Siku moja tuko kwenye topic ya human rights, Baraka akanyoosha mkono.

"Madam, hizi haki zina kazi gani sasa, kama mwenye bunduki akiamua tu zimeisha?"

Nikampa jibu la kitabuni: mikataba, mataifa, sheria. Akasema "sawa Madam" kwa ile sauti ya kunihurumia. Na kusema kweli, hata mimi lile jibu halikunishibisha.

Sasa, kwenye darasa hilo kuna binti anaitwa Hanaan.

Mama yake ni mzaliwa wa hapa hapa Kariakoo, familia yenye asili ya Uarabuni. Babu yake, Mzee Awadhi, anauza vitambaa miaka mingi. Mama aliolewa na Msudani wakaenda kuishi Khartoum. Vita vilipoanza akarudi kwao na watoto. Baba alibaki na wazazi wake wasioweza kusafiri. Mawasiliano ni ya kubahatisha, leo anapatikana, kisha kimya.

Hanaan ni mpole mno. Kiswahili chake ni kile cha mama yake, kizuri lakini cha kizamani kidogo, wenzake wanakipenda. Anakaa dawati moja na Neema, mtoto wa Kikristo kutoka Mchikichini ambaye mdomo wake haufungwi hata kwenye mtihani. Wakawa marafiki. Mmoja anaongea, mwingine anatabasamu.

Kwenye mijadala ya Ijumaa Hanaan alikuwa haongei kabisa. Sikumlazimisha.

Basi bwana, Ijumaa moja tuko katikati ya mjadala, transfoma ya mtaani ikalipuka.

Wakuu, mlio ule sikuwahi kuusikia. Vioo vilitetemeka. Mimi mwenyewe chaki ilinidondoka.

Nilipogeuka nikamwona Hanaan yuko chini ya dawati. Wenzake walivyogundua ni transfoma tu, darasa likapasuka kicheko. Vicheko vya hofu kuisha, mnavijua. Lakini yeye alikuwa bado chini, anatetemeka, macho ameyafumba.

Nikaenda nikakaa naye pale pale sakafuni mpaka alipopata nguvu. Nikampeleka ofisini, mama yake akaja kumchukua.

Nilidhani yameishia hapo.

Jioni, group la wazazi likaletewa klipu. Kuna mtoto alikuwa na simu darasani, kitu ambacho kimekatazwa. Alikuwa anarekodi mjadala, mlipuko ukamkuta anarekodi. Klipu imekatwa vizuri, imewekewa muziki, Hanaan anaonekana anazama chini ya dawati. Chini yake emoji za kucheka.



Jumatatu Hanaan hakuja. Jumanne hakuja.

Baada ya vipindi nikaenda dukani kwa babu yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia "Marahaba mwanangu," akanipa kiti, lakini uso hakuufungua. Akamwita mama Hanaan kutoka ndani.

Yule mama hakugomba. Ingekuwa rahisi kama angegomba. Alisimama kati ya majora ya vitambaa akaniambia taratibu:

"Mwalimu, mimi nimempitisha mtoto huyu barabarani, kuna vitu ameviona sitaki hata kuvitaja. Nikamleta kwetu nikijua amefika. Mwanangu si sinema. Atakaa nyumbani."

Nikaomba radhi. Nikasema shule itachukua hatua. Akaitikia kwa kichwa, mazungumzo yakaisha. Nilitoka pale nikapita katikati ya watu wote wale wa Kariakoo, sikumwona hata mmoja.

Kesho yake nikaingia darasani. Ratiba inasema human rights, sehemu ya utu wa mtu. Nimeshika chaki, sijui naanzia wapi. Nikawaambia ukweli: Hanaan haji tena, na sababu ni klipu.



Ndipo Neema akasimama. Yule muongeaji. Safari hii sauti haikutoka vizuri.

"Madam, mimi nilikuwepo pale chini. Hamkuniona, nilichomoka upande wa pili wakati watu wanacheka. Hanaan alinivuta mimi kwanza. Aliniwekea mikono kichwani, akanilalia juu. Alikuwa ananiambia usinyanyuke, usinyanyuke. Hakujificha, Madam. Alinificha mimi."

Wakuu, nilikuwa mbele ya darasa, nikageukia ubaoni kwa sababu machozi yalishanitoka.

Baadaye niliitazama tena ile klipu. Kweli, ukiangalia vizuri unaona mkono wa Hanaan unamshika Neema kabla ya wao kuzama. Tuliiangalia wote na hatukuona, maana tulikuwa tunatafuta cha kuchekesha.

Nilipogeuka tena, Baraka alikuwa amesimama.

"Ni mimi nilirekodi, Madam."

Hakuna aliyemtaja, alijisema mwenyewe. Kwa hilo tu namheshimu.

Mkuu wa shule aliposikia akataka kumsimamisha masomo. Baba yake Baraka akaitwa. Mzee wa watu hakumtetea mtoto. Akasema, "Kabla ya adhabu yenu, naomba tuende tukaombe msamaha kwa wenyewe." Tukaenda watatu mpaka dukani kwa Mzee Awadhi.

Baraka aliongea akiwa anaangalia chini. Maneno machache tu. Baba yake akamalizia kwa kueleza kwamba shule inamsimamisha na yeye anakubali.

Mama Hanaan akanigeukia mimi.

"Msimsimamishe. Mwanangu amekosa shule vya kutosha. Sitaki mtoto mwingine akose kwa ajili yetu." Akamrudia Baraka. "Wewe, mwanangu, uliowatumia wote uwafuate, wafute. Mmoja mmoja."

Nimesoma sana juu ya haki ya elimu. Sijawahi kuiona inatetewa na mtu mwenye kila sababu ya kuisahau.

Nikapeleka maneno yale kwa mkuu wa shule, akakubali kuyafuata.

Baraka alizunguka kweli. Alifuata watu mpaka Posta, mpaka Feri kwa binamu yake anayekaanga samaki. Kwenye group la wazazi, mzazi mmoja Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme, Bwana Kishor, mtu ambaye huwa haandiki chochote, akaandika: "Nimefuta. Naomba kila mzazi hapa afute, na aongee na mtoto wake." Wakaanza kuitikia. Nimefuta. Nimefuta. Tumefuta mwalimu. Pole kwa familia. Simu yangu haikupumzika jioni ile, na kila ilipolia nilimshukuru Mungu.

Klipu ikishatoka haifutiki yote, najua. Lakini mtaa wetu uliamua kwamba haitapita kwake.

Neema naye akawa anapitia kwa Hanaan kila akitoka shule na madaftari yake, anamsimulia mpaka tulivyotaniana mstarini. Hakutumwa na mtu. Na siku moja asubuhi wakaja wote wawili, wameongozana.

Nilikuwa nimewaonya darasa: hakuna kupiga makofi, hakuna hotuba. Akaingia. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mambo Hanaan?" Akajibu, "Poa," kwa ile lafudhi yake. Watu wakacheka, naye akacheka. Tukaendelea na somo.

Sasa Ijumaa bado tunajadili dunia. Mabishano yapo, ni vijana. Ila siku hizi mtu akitaja nchi yenye vita, lazima kuna mwingine anauliza, "Na watu wanaoishi pale je?" Swali hilo sikuwafundisha mimi.

Nilichojifunza, wakuu: tunapitisha maumivu ya watu kwenye simu zetu kila siku, vita vya huku, mafuriko ya kule, tunaweka emoji tunasonga mbele. Kila klipu ina mtu na ina mama yake. Ukimwona kama mtu, haki za binadamu umeshaanza kuzitekeleza, hata kama mikataba huijui hata mmoja. Baraka sasa naweza kumjibu bila kufungua kitabu.

Na namshukuru Neema, namshukuru Baraka kwa kusimama, baba yake, Bwana Kishor, na wazazi wote walioandika lile neno moja.

Siku moja baada ya Hanaan kurudi, mama yake alinisubiri getini mchana. Nikashtuka, nikadhani kuna tatizo lingine.

Akanishika mkono.

"Mwalimu, jana alipokuja shule, nililala. Nilijinyoosha tu kidogo, nikaja kuamshwa na adhana. Tangu tutoke kule sijawahi kulala mtoto akiwa mbali na macho yangu."

 Tulisimama tu pale getini, spika za mashuka zinapiga kelele, tumeshikana mikono.

Walimu wenzangu mliomo humu, na wazazi: nyie habari za vita mnaongea vipi na watoto? Na kama kuna mtu ameishi na aliyetoka kwenye vita, aniambie kingine cha kumsaidia. Nasoma comments zote.