Mikono ya Bi Somoe

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, pale Nachingwea, nilikuwa na kazi moja kila baada ya magharibi: kumlaza mdogo wangu Shabani, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu. Msimu wa korosho mama alikuwa analala shambani Marambo, na bibi alikuwa na kazi zake za jikoni. Shabani halali. Ukimlaza anakaa, ukimfunika anaomba maji. Na nje nawasikia wenzangu wanacheza rede kwenye mbalamwezi.

Jirani yetu Bi Somoe alikuwa akibangua korosho za kuuza, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemgeuza vidole vikawa vyeusi. Jioni moja nikamwambia Shabani, "Usipofumba macho, mikono myeusi ya Bi Somoe itapita dirishani ikuchukue." Akafumba. Nikaenda kucheza. Mungu anisamehe, niliona nimepata dawa, nikaitumia kila siku.

Kama wiki ikapita. Asubuhi moja Bi Somoe akaja na bakuli la korosho zilizovunjika, kama kawaida yake. "Hodi! Mume wangu Shabani yuko wapi leo?"

Shabani alipiga ukelele, akajificha kwenye kanga ya bibi, akajikojolea.

Kwetu watu wanaamini mtoto mdogo humwona mchawi hata mchana. Bibi alipokea bakuli, akashukuru, na mgeni alipoondoka akazimwaga zile korosho shimoni.

"Mtoto halii bure," akaniambia. "Usiku anashtuka, mchana anamkimbia. Hee! Na Somoe nimechezwa naye unyago mmoja, kumbe!"

Nikashika ufagio nikaenda kufagia uani. Niliogopa fimbo. Bibi akaacha kuitikia salamu za Bi Somoe, neno likasambaa, na kisimani wanawake wakawa wanasogeza ndoo zao akifika. Siku ya tatu nikamkuta barazani kwake anasugua vidole kwa majivu na ndimu, mpaka vinatoka damu.

"Zuhura, mwanangu," akaniuliza, "mimi nina nini?"

Hapo nilishindwa. Nilikimbia nikamwambia bibi kila kitu. Hakunipiga. Alimbeba Shabani mgongoni, akanishika mkono, nikaenda kuyarudia mbele ya Bi Somoe mwenyewe.

"Basi mume wangu nitamlaza mimi," akasema.

Akawa anakuja kila jioni. Mwanzoni alikaa mbali, mlangoni, anamwimbia tu, wimbo ule ule, sauti ya chini. Kila siku anasogea kidogo. Hakumharakisha. Siku moja Shabani mwenyewe akamshika kidole gumba, akalala.

Bibi alimwomba radhi. Lakini kisimani walisema bibi amenifundisha la kusema, na ndoo nyingine hazikurudi karibu na ya Bi Somoe mpaka alipofariki.

Leo nimeolewa Ruangwa, na msimu ukifika nabangua korosho. Vidole vyangu vimekuwa kama vyake. Mwanangu wa mwisho akigoma kulala, nisiseme uongo, maneno yale bado yananijia mdomoni. Nayameza. Namnawisha miguu, napunguza taa, namsomea sura ya Kulhuwallahu polepole huku nampigapiga mgongoni, hata kama mboga inaungua. Halali upesi. Akilala, anakuwa amekishika kidole changu cheusi, nami nakaa pale pale nimwombee Bi Somoe kwanza, ndipo nakichomoa taratibu.