Kipande cha Mshenga

Neno chungu akipewa Leonsi, alilifunga kwa methali, akalizungushia salamu, kisha akalitua mbele ya mwenyewe taratibu, kama mtu anayetua mtungi wa maji. Mwenyewe alilipokea akitabasamu, na mpaka agundue kuwa amepewa shubiri, Leonsi alikuwa ameshavuka kijito kurudi kwake. Ndiyo maana vijana wa Ntumbi waliotaka kuoa walimwendea yeye. Ng'ombe hakuwa nao, ila alikuwa na koti la kaki la ushenga, ambalo hakulivua hata jua likiwaka.

Mwaka wa pili tangu watu wahamishwe kutoka vitongojini na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa, alikuwa na posa moja mkononi, nayo ilikuwa nzuri. Kornel, fundi mwashi, mwana wa Urbano wa Ntumbi, alikuwa amemposa Luciana, binti wa mjane Dominika wa Kalundi, kijiji jirani. Jembe la uchumba lilikuwa limepokewa. Ndoa ingefungwa baada ya mavuno, na pombe ya harusi ingetokana na ulezi wa Dominika mwenyewe, kwa sababu alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba mwanawe hataolewa kwa pombe ya kununua.

Shamba lake lilipakana na la Urbano, katikati pakiwa na mahame tu: viwanja vya nyumba zilizoachwa, kuta zimelika kwa mvua, majani yanajiotea. Mwenyekiti wa Ntumbi alisema mahame yale ni ya Kalundi, wa Kalundi akasema ni ya Ntumbi, na jembe la mtu halikuingia humo.

Kwaresima ilipofika katikati, Dominika alimwita Leonsi shambani. Mvua ilikuwa nzuri, lakini ulezi wa upande wa mahame ulikuwa umejikunja kana kwamba una kiu. Chini ya mashina vilisimama vijani vyembamba.

"Unakijua hiki, Baba Leonsi?"

"Kiduha."

"Kitachanua zambarau, wapita njia waseme kizuri. Kumbe chini kimeshika mzizi wa ulezi wangu, kinanyonya kama ndama. Kinatoka kwa wakwe. Palizi yao ya mwaka huu ni ya macho tu."

"Unataka wang'oe."

"Kabla hakijachanua. Mimi nikikitoa huku, wao wakakiacha kule, natwanga maji. Lakini nitamwambiaje mkwe kwamba shamba lake ni chafu? Hiyo ni kazi yako. Lifunge vizuri."

Kwa desturi, tangu jembe la uchumba lipokewe mpaka ndoa ifungwe, wakwe wa pande mbili hawakaribiani wala hawasemezani. Kila neno hupita kwa mshenga.

"Nitalifunga," alisema Leonsi, "hata nzi asipate pa kutua."

Jioni ile aliketi kwa Urbano, akaulizia afya za watu na mifugo, akapokea ugali, akanawa. Ndipo alipokohoa.

"Wenzenu wa ng'ambo wamenituma. Wanasema ninyi mmepanda, nao wamepanda, na Mungu ameleta mvua. Lakini kuna kitu kidogo kimeingia katikati. Ni kizuri, macho yakikiona yanakipenda. Juu kinacheka, chini kinanyonya. Wanaomba, kwa heshima yote, kitolewe kabla hakijazaa."

Mama Kornel aliyekuwa akikusanya vyombo alisimama, sahani mkononi. Urbano alisogeza kando bakuli la kunawia.

"Tumesikia, mshenga," alisema. "Tutamuuliza."

Neno hilo la mwisho lilimkwaruza Leonsi kidogo njiani, lakini alikwenda akalala vizuri. Kesho yake asubuhi Kornel alimkuta anachonga mpini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana harusi."

"Bwana harusi yupi? Baba ananitaka nimtaje."

"Umtaje nani?"

"Huyo mwanamke wa Kizwite, kule nilikokuwa najenga. Mama anataka kujua mimba ni ya miezi mingapi."

Leonsi aliweka panga chini. "Mimba ya nani?"

"Si wewe uliyeileta, mzee? Eti kabla hakijazaa. Baba anasema leo anawaomba wavunje posa, afadhali aivunje yeye kuliko kungoja aibu. Na mimi kule Kizwite sikuwahi kuwa na mtu isipokuwa matofali."

Leonsi alichukua koti, na kwa mara ya kwanza akatembea amelining'iniza begani. Njia nzima alitafuta mfuniko wa kulifunikia lile neno, na kila alioupata aliuona ndio ule ule uliomponza. Alimkuta Urbano ameshavaa viatu.

"Kaa, Urbano. Shamba lenu lina kiduha," alisema. "Kinavuka mahame, kinaingia kwa Mama Luciana. King'oeni."

Mama Kornel alitokea mlangoni.

"Ni hicho tu?" aliuliza Mama Kornel.

"Hicho tu."

Mama yule alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Na mimi nimeshaanza kumtafutia mtoto jina."

Urbano hakucheka. Alivua kiatu kimoja, akakishika. "Hata sisi tulikuwa na neno, tukaogopa kulituma. Kiduha kinatoka kwake huyo mkwe. Yeye kila jani analoling'oa hulifukia kwenye tuta. Majani mengine yanaoza, lakini hicho kikifukiwa pamoja na maua yake kinakuwa kimepandwa. Mpelekee hivyo hivyo, usinifungie."

Leonsi aliondoka akitembea polepole. Matuta ya mviringo, yanayojengwa kwa kugeuzia udongo juu ya nyasi ili zioze na kurutubisha, ndiyo fahari ya mkulima wa Kifipa, na hakuna aliyeyajenga kwa ufundi kumshinda Dominika. Hata viongozi wa shamba la kijiji walikuja kuyatazama. Kumwambia mama huyo kwamba tuta lake lina kosa ni sawa na kumwambia mtu kwamba wali wa mama yake una mchanga.

Alimwambia. Dominika alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani amekufundisha kusema wazi namna hii?"

"Kufunga kumenishinda, Mama Luciana."

Aliinuka, akaenda kwenye tuta alilolijenga msimu uliopita, mbali na mahame. Alitenga majani ya ulezi kwa mkono. Viduha vilikuwa vimesongamana pale kuliko mpakani. Alichuchumaa, akacheka kidogo puani.

"Basi nimekipanda mwenyewe. Tena nikakitilia mbolea."

"Nimwambie nini mkwe?"

"Mwambie nimesikia, sitafukia tena, nitachoma. Naye ang'oe kwake. Ila hayo mahame katikati yetu ni ya nani? Hapo mimi na yeye hatutoshi. Nenda kwa bwana shamba."

Bwana shamba, Andwele, alikuwa mtu wa Mbeya aliyepanga nyumba Chanji, mjini, na kufika vijijini kwa baiskeli. Alipokisikia kisa chote alishika tumbo kwa kicheko.

"Ninyi Wafipa mtakuja kufa na njaa kwa sababu ya adabu," alisema. "Mbegu yake ni kama vumbi, inalala ardhini miaka. Mkiacha hata uchochoro mmoja, mmekaribisha vyote."

Akawaendea wenyeviti wawili. Hakuwauliza mahame ni ya nani. Aliwaomba siku moja tu ya watu wao.

Siku hiyo Ntumbi waliingia kutoka magharibi na Kalundi kutoka mashariki, wameinama kwa safu. Kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, walikunywa togwa badala ya pombe. Kiduha kiling'olewa kwa mkono, kikarundikwa kwenye sakafu za nyumba za zamani kikauke kichomwe. Utani ulivuka kutoka safu moja hadi nyingine, na wengi walimwuliza Kornel habari za matofali yake.

Safu zilipokaribiana katikati, Dominika alinyoosha mgongo akamwona Urbano mbele yake, hatua chache tu. Wote wawili wakageuka upande. Wakwe hawakaribiani. Kati yao kilibaki kipande chembamba cha majani, na watu wote wakamtazama Leonsi.

"Msinitazame mimi. Mimi ni mtu wa maneno."

"Mshenga," alisema Urbano, ametazama kwingine, "mwambie mkwe wangu hicho kipande ni chako."

"Mwambie hata mimi naona hivyo," alisema Dominika. "Nawe vua koti."

Alivua, akainama, nao wakamwimbia.

Ulezi wa mpakani haukupona wote. Uliovunwa ulitosha pombe, na Luciana aliolewa kwa pombe ya mama yake. Tangu hapo wakwe waliruhusiwa kusemezana, na kila mwaka, kabla kiduha hakijachanua, vijiji viwili vilikutana mahameni. Safu zilipofika katikati zilisimama, ingawa hapakuwa tena na sababu, wakamwachia Leonsi kipande chake. Yeye alilalamika kila mwaka kwamba wanamwonea. Lakini mwaka mmoja kijana wa Kalundi alipokosea akang'oa kiduha humo, Leonsi alimfuata akamwuliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, nani amempa ruhusa ya kuingia shambani kwake.